Miwani ya Kusikilizia

Jumatatu, tarehe 4
Siku njema! Mpangaji wa chumba cha mbele kwa mama mkwe kahama. Madirisha mawili, mlango barabarani. Mimi kinyozi nanyoa barazani, kioo kimening'inia kwenye msumari, upepo ukivuma mteja anajiona sikio moja tu. Nikikikosa chumba hiki, nitazeekea barazani. Ila fundi viatu aliyemuoa dada wa mke wangu naye anakitaka. Namwita Masharubu. Yamemfunika mdomo wote. Mama mkwe ataamua Ijumaa.

Jumanne, tarehe 5
Nimegundua siri! Nilipomwamkia mama mkwe, akasema ningoje avae miwani, hanisikii. Nikacheka moyoni. Kumbe kweli! Redio yake inaunguruma kutwa, masikio yenyewe yamechoka, basi nusu ya maneno anayapata kwa kutazama midomo. Akivaa miwani anaitikia kila kitu. Akivua, ananiuliza nanong'ona nini. Sasa Masharubu ana midomo gani ya kutazamwa? Jioni kaja kwangu, anataka niyapunguze. Nikakataa katakata. Nikamwambia yanampa heshima ya jaji. Nikampaka na mafuta, bure.

Jumatano, tarehe 6
Balaa! Mkewe kamnyoa. Midomo iko nje, minene, unaisoma toka ng'ambo ya barabara. Chai ilinishinda kwa dakika kumi nzima. Kisha wazo likaja lenyewe, nikaimaliza na kuongeza kikombe.

Alhamisi, tarehe 7
Miwani iko mfukoni mwangu. Sijaiba, naihifadhi. Kesho Masharubu (jina nimemwachia) ataongea weee, asisikike. Kisha mimi nitaiokota chini ya kochi, nishangiliwe, niombe chumba. Leo nimemsaidia mama kuitafuta. Nimeinua mito, nimepekua kabati, nimewatukana panya. Mke wangu kasema hajawahi kuniona na bidii hivi ndani ya nyumba. Najisikia vizuri sana.

Ijumaa, tarehe 8
Yamenikuta. Mama kazima redio! Hilo sikulipangia. Kavuta kiti, kafumba macho, katega sikio. Masharubu akaeleza polepole kwamba kibanda chake kinavuja, viatu vya watu vinaloa, anaona haya kuvirudisha. Sauti ikamtetemeka. Mama akaitikia kila neno.

Zamu yangu. Nikaweka lile tabasamu langu la meno yote, linaloniletea wateja. Nikasema chumba si hoja, nataka tu kuwa karibu naye nimtunze. Mama akasema miaka yote hii akinitazama nacheka, akadhani na sauti inacheka. Leo hauoni uso, kaisikia sauti peke yake, mwanangu, na haicheki hata kidogo, inapimapima chumba. Halafu akasema jana hakuna aliyeitafuta miwani kwa raha kama mimi, kwa hiyo niitoe.

Nikaitoa. Mke wangu akatazama dari. Masharubu kapewa chumba. Nimeona aibu, sifichi, masikio yaliniwaka moto. Lakini mama akanimiminia chai mwenyewe, kikombe kikubwa, akasema nisikonde. Nampenda yule mama.

Jumamosi, tarehe 9
Nimelala fofofo. Nimeamka nimeelewa kila kitu. Kosa si langu, ni la uso! Umezoea kuahidi mambo ambayo sauti haijaambiwa. Dawa ni kuufunika. Tena huyo Masharubu kafuga miaka, kanyoa siku mbili tu, kapata chumba. Bahati ilikuwa bado haijamtoka mdomoni.

Leo sijanyoa juu ya mdomo. Mke wangu kauliza nini kile cheusi, nikamwambia asubiri. Nasikia mpangaji wa chumba cha nyuma atahama mwisho wa mwaka. Mchana nimempelekea mama zawadi, kaipokea kwa mikono miwili, kanibariki: betri mpya za redio.