Choki ya Marehemu Baba Mkwe

Alhamisi, 9 Mei 1985. Ziwa Tamarack, Wisconsin.

Mdomo umeniponza. Kwenye kahawa nimemwambia mama mkwe, Borghild, kwamba mashine ya boti ya marehemu mumewe, Torvald, imepona. Haijapona! Ni ya mwaka 1951, na tangu mzee afariki haijawaka. Mama mkwe kafuta machozi. Basi anataka Jumapili, Siku ya Akina Mama, nimvushe kwa mashine hiyo hadi kaburini kwa mumewe, makaburi ya Walutheri ng'ambo. Mimi siogelei. Na kusini mwa ziwa kuna ukuta wa bwawa, maji yanaporomoka. Hata pai ya kahawa imenishinda kula.

Ijumaa, 10 Mei.

Nimeifunga kwenye pipa la maji nyuma ya banda. Nimevuta choki, kile kitufe cha kuzidisha petroli, mpaka mwisho, na kamba ya kuwashia mara arobaini. Kimya. Harufu ya petroli tupu. Jirani Verlyn kachungulia, akauliza kama nakamua ng'ombe. Eti plagi imelowa, niifute, na mashine ikikohoa tu nirudishe choki ndani. Fundi huyo! Choki nimeiacha nje palepale.

Jumamosi, 11 Mei.

Imewaka! Nilisahau kwamba haina gia ya kupumzika: ikiwaka, inakwenda. Pipa limepinduka. Nimekimbilia jikoni na kufunga mlango. Ikazimika yenyewe. Nimemwambia mke wangu Marlys kwamba kila kitu kiko tayari.

Jumapili, 12 Mei.

Nimevaa majaketi mawili ya kuokolea, moja la mtoto. Mama mkwe mbele na maua yake. Verlyn gatini, anapunga kofia kama anatuzika.

Imewaka. Katikati ya ziwa, kimya. Nikavuta kamba, nikavuta. Boti ikaanza kuteremka kusini. Nikasikia bwawa linanguruma. Sijawahi kuogopa vile! Nikasali kwa sauti, nikakiri yote: haijapona, siogelei, niliidanganya familia nzima.

Mama mkwe kaweka maua chini.

"Sogea huko, baba. Unaishindilia petroli kama mtoto aliyekataa uji."

Karudisha choki ndani. Kavuta kamba mara mbili. Ikawaka! Kumbe miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa akiiwasha, kwa sababu mzee naye alikuwa akiivuta choki mpaka mwisho. Kaendesha mwenyewe hadi ng'ambo, huku nimeng'ang'ania ubao.

Kaburini kaweka maua, akamwambia mumewe tumefika salama.

"Na huyu mkweo, Torvald, ni wewe mtupu."

Akacheka, akalia. Nami nikalia, sijui kwa nini.

Jumatatu, 13 Mei.

Wote wamesikia mashine ikinguruma. Nani aliiwasha, hawakuuliza, sikusema. Nimejitolea kumtengenezea Verlyn ya kwake. Kakataa: haijamsumbua hata siku moja. Hilo ndilo linalonitisha. Mashine isiyosumbua ina jambo inaloficha.

Kesho akienda kazini naifungua. Nitaanza na choki. Mpaka mwisho.