Mwenyekiti Mtarajiwa Apanda Mnara wa Risasi

Jumatatu, 7 Oktoba 2019

Mimi ndiye mwenyekiti mpya wa vijana. Bado siku sita itangazwe, lakini hayo ni mambo ya karatasi.

Jana baada ya misa ya Kiswahili hapa Arlington, Amerika, Mzee Salvator alisimama. Huyu ni Mrundi mpole anayetuchunga sisi sote, Warundi, Wakenya na Wakongo wachache. Akasema mwaka huu vijana hawatapiga kura, maana mwaka jana kura zilizidi watu. (Sijui alimtazama nani. Nilikuwa nafunga kiatu.) Safari hii ni mtihani. Jumamosi tunatembelea mnara wa zamani wa kutengenezea risasi, nusu ya njia ya kwenda Houston, na wenzetu wa Houston watatukuta hapo hapo. Mimi nitaendesha basi dogo la kanisa na kueleza historia ya mnara. Mgombea mwenzangu, Audace, ataangalia chakula na watoto. Atakayefaa ndiye mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye atakayeshika maikrofoni kwenye sherehe ya Desemba kule Houston. Watu mia nne. Maikrofoni isiyo na waya.

Audace! Kijana wa kukunja mpaka soksi. Anafanya kazi kwenye ghala ambako ukichelewa dakika moja unaitwa ofisini, basi siku hizi anatembea kama saa ya ukutani. Maneno hana. Ukimtania anakuambia asante.

Bango nimeshatengeneza. Picha yangu na koti la buluu, herufi za dhahabu: MC NJORO. Nimemtumia Jackie wa Pearland, karibu na Houston, yule anayesomea uuguzi. Kajibu kidole gumba. Kimoja tu, lakini kimesimama wima.

Jumatano, 9 Oktoba

Utafiti umekamilika. Nilitazama video ya mnara kazini, wakati wa chai, bila sauti kwa sababu msimamizi ana masikio. Nilifika nusu. Inatosha. Kuna mnara mrefu, kuna madirisha madogo madogo, kuna bunduki kwenye kabati la kioo. Mtu mwenye akili anaunganisha mwenyewe.

Mnara wenyewe ni bomba la matofali. Kwetu Thika kuna mabomba ya viwanda marefu kuliko hilo, na hakuna mtu aliyewahi kutoka nyumbani na chakula kwenda kuyaangalia. Wazungu wakiacha kitu kikazeeka kidogo, wanakiwekea mlango na saa za kuingia.

Shangazi Jerioth alipiga simu kutoka Pearland. Yeye ni nesi, na huongea na kila mtu kama mgonjwa aliyekataa dawa. Akauliza kama nimesoma juu ya huo mnara. Nikamwambia kusoma ni kwa watu wenye shaka. Akanikumbusha kidato cha tatu nilichokiacha katikati, na chuo cha hapa nilichokiacha mara mbili, na mtihani wa kuendesha gari nilioupita mara ya nne. Akasema, Njoroge wangu, nataka siku moja nikuone umemaliza kitu. Kimoja tu. Hata sahani ya wali. Nikamwambia mtandao unakatika.

Tena nimepata siri nzuri. Mwezi jana Audace alikataa kupanda ngazi kufunga kitambaa cha sherehe kanisani. Alisema kichwa kinazunguka. Mwenyekiti anayeogopa ngazi! Na mnara una ngazi mia moja na tisini. Mungu akitaka kumpandisha mtu, huanza kwa kumtafutia mshindani wa namna hii.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baridi imeingia ghafla leo, upepo wa kukata masikio. Akili yangu haijaganda.

Mpango ni huu. Mnara unatusubiri saa tano kamili. Barabara ni mwendo wa karibu saa mbili. Nimeandika kwenye kundi la simu: tunaondoka saa moja na nusu asubuhi, asiyefika asilie. Audace hayumo kwenye kundi. Alijitoa kwa sababu ya zile picha za maua za kutakiana asubuhi njema. Basi nimemwandikia peke yake, kwa heshima zote: kaka, tunaondoka saa tatu. Akajibu asante kaka, ubarikiwe.

Saa tatu atafika na sufuria zake akute doa la oili pale lilipokuwa basi. Watu wote watakuwa barabarani wanauliza chakula kiko wapi. Mimi nitatikisa kichwa taratibu, kwa masikitiko. Nimejaribu kwenye kioo. Nina uso wa masikitiko mzuri sana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilifika kanisani saa moja kamili. Koti la buluu. Basi limefutwa vioo. Nikawasha redio nisikie joto la muziki, maana injini inakula mafuta.

Saa moja na nusu. Hakuna mtu.

Saa mbili. Mbwa.

Saa mbili na nusu nikapiga simu kwa mama wa chapati, Mama Clothilde. Akasema yuko njiani. Nikasikia maji ya bafuni.

Hapo ndipo nilipokumbuka mimi ni mtu wa wapi. Watu wetu ukiwaambia saa moja na nusu, wanajua wewe ni mmoja wao na umeshapunguza saa moja na nusu ya kuwangojea. Kwa hiyo wanairudisha. Kila mtu alipiga hesabu hiyo peke yake nyumbani kwake, na wote wakapata jibu moja. Saa tatu kasoro dakika tano magari yakaanza kuingia kama maandamano. Saa tatu kamili, sekunde haikupotea, akaingia Audace.

Akaangalia watu wote ishirini, akaangalia simu yake, akaja kunipa mkono. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba tangu aje Amerika hajawahi kuambiwa saa na mtu wetu ikawa kweli. Asante kaka Njoroge. Watu wakanitazama. Mzee Salvator akaomba kuiona hiyo simu. Akasoma. Halafu akasoma yake. Akakohoa kidogo, akaingia kwenye basi.

Basi halikuwaka. Redio ilikuwa imemaliza betri. Audace akatoa nyaya kwenye gari lake, akaamsha betri kwa dakika nne, huku Mama Clothilde akisema kijana huyu amelelewa. Nikasema betri za siku hizi ni za kichina. Tulifika mnarani saa tano kasoro dakika mbili. Nani aliendesha? Mimi. Hakuna aliyelitaja hilo.

Watu wa Houston walikuwa wameshafika. Shangazi Jerioth, skafu shingoni, mikono kifuani. Jackie pembeni yake, simu mkononi.

Nikaanza kueleza bila kungoja. Nikasema hapa ndipo askari walisimama kwenye haya madirisha wakawamiminia maadui risasi. Nikaonyesha kwa mikono. Nikaweka na milio. Watoto wetu, ambao nyumbani ukiwaongelesha Kiswahili wanajibu Kiingereza, leo Kiswahili walikielewa chote, na kila sentensi yangu wakamtafsiria bibi mwongozaji, mzungu mzee mwenye beji na viatu vya mpira. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa upole kwamba ni hadithi nzuri sana, na kwamba kutoka mnara huu haijawahi kufyatuliwa risasi hata moja.

Kumbe ni kiwanda. Risasi ile ya madini laini ilipandishwa juu kabisa, ikayeyushwa kwenye chungu, ikamwagwa kupitia chujio. Matone yakaanguka ndani ya mnara, futi mia na zaidi, na katika kuanguka kwenyewe yakawa mviringo na kupoa. Chini kuna pipa la maji linayapokea. Ndiyo marisau, vipunje vya risasi vya kuwindia bata. Basi. Jengo zima kwa ajili ya kuangusha vitu. Mimi ningewafanyia bure.

Shangazi akauliza damu za wafanyakazi zilikuwaje na sumu ya madini yale. Bibi akamsifu kwa swali. Mimi hakunisifu.

Nikaona ni wakati wa ngazi. Nikasema kwa sauti, mbele ya Mzee, mbele ya Jackie: haya Audace, kiongozi huongoza kutoka juu, twende. Nikangoja avunjike. Akasema tu kwamba yeye anaogopa juu, kaka, tangu utotoni, nenda wewe utuelezee. Hivyo hivyo. Kama mtu anayesema hali samaki. Wenzake hata hawakucheka. Utampigaje mtu aliyejilaza chini mwenyewe?

Nikapanda. Watoto tisa nyuma yangu, na Jackie. Mpaka ya hamsini nilikuwa nasimulia. Mpaka ya mia nilikuwa napumua. Juu kabisa sakafu si sakafu. Ni wavu wa chuma. Unaona kati ya viatu vyako mpaka kwenye pipa la maji, na pipa ni dogo kama kifuniko cha soda.

Sikuogopa. Naandika wazi, maana hii ni shajara yangu. Magoti ndiyo yaliyokataa, na magoti hayakuniuliza. Nilikumbatia nguzo nikaitazama kwa makini, kama mtu anayechunguza ujenzi. Nilichunguza muda mrefu. Watoto waliona kila kitu, wakapiga picha, wakachoka. Bibi wa viatu vya mpira akapanda ngazi zote mia moja na tisini bila kutweta, akanibandua kidole kimoja kimoja. Tulishuka mimi nimekaa, ngazi baada ya ngazi, kwa makalio, na watoto wakihesabu kwa Kiingereza kuanzia mia moja na tisini kurudi nyuma. Kwenye sabini na mbili koti la buluu lilipasuka. Jackie alikuwa anarekodi. Huyo msichana ananifuatilia sana.

Chini nikakuta chai imemiminwa, chapati zimegawanywa, na Audace amewakusanya wadogo kwenye ubao wa mteremko. Ni ule waliotumia kuchambulia marisau. Unaachilia goroli juu. Ile iliyo mviringo kamili inakimbia moja kwa moja na kuruka pengo. Iliyo kombo inayumba, inatafuta njia yake, inaanguka pengoni kwenye sanduku. Mzee Salvator alikuwa ameinama kama mtoto, anaachilia moja moja. Moja ikayumba sana, ikagonga ukingo wa kulia, wa kushoto, ikatumbukia. Mzee akaangalia sanduku. Halafu akaniangalia mimi. Nikamwambia goroli hiyo imetengenezwa vibaya. Akasema ndiyo, mwanangu.

Shangazi akanipa skafu yake nifunge nyuma, pale koti lilipopasuka. Akageuka kuwamiminia watoto chai bila kunigombeza. Hiyo ndiyo iliyoniuma, kama kuna kitu kiliuma.

Jumapili, 13 Oktoba

Mwenyekiti ni Audace.

Sijashangaa. Kanisa limejaa watu wanaopenda chapati. Audace akasimama, akatoa hotuba ya sentensi mbili, na moja ilikuwa ya kunishukuru mimi kwa kumwambia saa ya kweli. Mwaminifu kama mlango wa friji. Maikrofoni ya Desemba ni yake. Atasema nini nayo? Asante, atasema. Mara mia nne.

Baadaye Mzee Salvator akaniita karibu na meza ya vitabu. Nikajiandaa kukana. Lakini hakunigombeza. Akasema amesoma ujumbe wote wawili, wa kundi na wa Audace, na ameelewa nilichotaka. Akasema pia kwamba miaka kumi na miwili anatafuta namna ya kuwafikisha watu hawa mahali saa tatu, na hajawahi kuwaona wakifika saa tatu mpaka jana. Kwa hiyo nina kazi. Kutangaza saa za safari zote za jumuiya, kuanzia ile ya Houston. Aniamini?

Nikasema aniamini.

Halafu akaniuliza kama nilisikia goroli za kombo zilifanywa nini. Sikusikia, wakati huo nilikuwa bado kwenye ngazi ya themanini hivi. Akasema hawakuzitupa. Walizipandisha tena juu, zikayeyushwa, zikaangushwa upya. Nyingine mara tatu, mara nne, mpaka zikakaa sawa. Akanishika bega, akaenda zake.

Nimelifikiria neno hilo jioni nzima. Ni wazi kabisa. Mzee amenihakikishia kwamba nitapandishwa juu.

Jumanne, 15 Oktoba

Shangazi Jerioth alipiga. Amesikia nimepewa kazi ya saa. Akasema amefurahi, tena akasema kwa sauti ambayo sijaizoea kwake, kwamba hii ni ndogo na ninaweza kuimaliza. Nikamwambia shangazi, hesabu imekwisha.

Maana nimekaa nikapanga. Sherehe ya Desemba, basi linatoka Arlington asubuhi. Mshika maikrofoni asipokuwepo, atashika nani? Yule mwenye koti. (Nimelishona. Uzi mweusi, lakini nyuma hakuna anayetazama.) Bango lipo tayari, halihitaji hata kubadilishwa. Jackie bado hajalifuta, nimeangalia. Ile video yangu pia hajaifuta, imetazamwa na watu elfu moja na mia mbili, kwa hiyo Houston wananijua.

Jumamosi nilikosea kitu kimoja tu, nacho ni redio.

Basi leo mapema, nikiwa mtangazaji rasmi, nimewaandikia watu wote kwenye kundi: tunaondoka saa moja na nusu, asiyefika asilie. Na Audace nimemwandikia kando, kwa heshima zote: mwenyekiti, tunaondoka saa tatu.

Amejibu asante kaka, ubarikiwe.

Mimi nitafika saa moja kamili.