Ulinzi wa Anga Barazani kwa Mkasi

Redio ya Mkasi, kinyozi, ilipotangaza kwamba nchi imerusha setilaiti ya ulinzi, rafiki yake aliyeitwa Getini alishusha kikombe cha kahawa.

"Inaona mpaka wapi?"

"Mpaka kifungo cha shati," alijibu Sajini, ambaye jeshini alikuwa mpishi miaka ishirini, lakini vita vyote anavijua yeye. "Siku hizi aliyeshika anga ndiye aliyeshika nchi. Adui akikohoa tu, huko juu wameshaandika."

"Na raia je?"

"Raia ndiyo mazoezi. Adui watampata wapi kila siku?"

Getini alichungulia angani. Kiwanda kilikuwa kimemwachisha kazi ya ulinzi wiki tatu zilizopita, na mkewe hakuwa na habari. Kila asubuhi alivaa sare, akaaga, akaja kulinda benchi la Mkasi hadi jioni. Aibu ilikuwa ikimla, naye aliona afadhali imle kimyakimya.

"Hizo picha zinapelekwa wapi?"

"Makao makuu," alisema Mkasi, akipuliza nywele kwenye mashine. "Dada yake mkeo si anafanya usafi hukohuko?"

"Basi nimekwisha."

"Hujaisha." Sajini alisimama. "Jeshi huwa linajificha. Mkasi, leta turubai!"

Walihangaika nusu saa. Pembe mbili wakafunga kwenye nguzo, mbili kwenye dirisha la kinyozi, wakapanga viti chini yake. Sajini akatoka barabarani, akatazama juu, akarudi ameridhika.

"Sasa huko wanaona buluu tu. Watadhani ni bwawa."

"Wakitaka kuogelea?" aliuliza Mkasi.

Getini alinyoosha miguu kwa raha, mara ya kwanza katika wiki tatu.

Akaingia jirani mmoja, kainamisha kichwa, akasema poleni, akakaa. Akaja wa pili. Turubai barabarani, viti, wanaume wamenyamaza: nani angehitaji kuambiwa? Wa tatu alikuwa mke wa Getini, katoka sokoni, mtandio keshajifunga.

"Poleni jamani, nimeona turu..."

Alimwona mumewe. Akaitazama sare, kisha saa ya ukutani.

"Baba watoto, si uko zamu?"

Getini alifunga kifungo cha juu cha sare. Mkewe akamgeukia Sajini.

"Shemeji, nani amefariki?"

Sajini alivua kofia.

"Kazi yake, shemeji. Ina wiki tatu sasa. Tulikuwa tunatafuta namna ya kukuarifu."