Jina la Mama Ukutani

Jumatatu, 9 Juni
Waitara anajenga ghorofa. Mugumu nzima, kiwanja alichokiona ni hiki cha ubavuni kwangu, upande wa machweo! Chini kumeshasimama, nondo zimechomoza juu.

Ni balaa. Nyumba hii zamani ilikuwa mgahawa wa marehemu mama. Baba aliandika jina lake ukutani kwa saruji, MOKAMI HOTELI, herufi zimetuna kidogo tu. Chokaa imepita juu yake mara nyingi, mchana huoni kitu. Lakini jua likishuka na kuupitia ukuta kwa ubavu, kila herufi inatupa kivuli chake na jina linasomeka mpaka stendi. Saa hiyo ndipo mama alipokuwa akiketi barazani, kanga mabegani, chai mkononi. Siku nzima hakuwa ameketi. Nikilisoma jina jioni, namwona. Waitara akipandisha, basi.

Lilian, mke wangu, anasema tununue kopo la rangi tuzipake herufi. Rangi! Mama awe kama tangazo la vocha! Nimekataa. Nina akili zangu.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwambia Waitara kwamba ghorofa huvuta radi. Kaniita mura, yaani kijana wetu, kwa mapenzi, kanishukuru, kaagiza chuma cha kinga ya radi. Kirefu.

Ijumaa, 13 Juni
Leo nimempata! Nyuma ya kiwanja anaishi mama mkwe wake, Bibi Efrazia, na bafu lake ni la mabanzi, halina paa. Nimemuuliza Waitara, kwa upole, kama amefikiria madirisha ya juu yatatazama wapi. Mkurya kumchungulia mama mkwe wake, mwiko mtupu! Kikombe kimemtoka mkononi. Amesimamisha ujenzi hapohapo.

Jioni jina liliwaka ukutani. Nikaketi barazani, pale pale pa mama. Nilikaribia kulia, nikasingizia vumbi.

Jumanne, 17 Juni
Mafundi wamerudi. Waitara ameamua kulinda heshima: nyuma hakuna dirisha hata moja, na huko juu anaongeza ukuta mrefu kuzunguka paa lote, ili hata atakayepanda asione uani kwa mkwewe. Yaani nyumba imezidi kwenda juu! Ameniletea mguu wa mbuzi, shukrani ya ushauri. Nimeula kwa hasira. Ulikuwa mtamu.

Jumamosi, 28 Juni
Imekwisha. Mafundi wamejenga mbio mbio, na leo kivuli cha ghorofa kimemeza ukuta wangu wote kabla jua halijashuka. Nimepapasa herufi kwa vidole. M, O, K. Nimemkumbuka mama.

Lilian akanitazama, akasema kwa nini nisingoje asubuhi. Asubuhi ipi? Akasema jua likichomoza upande wa kibanda cha jirani Bushiri jina hutokea vilevile, na yeye hulisoma kila siku anapofagia. Miaka yote ya ndoa! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba saa hizo mimi huwa nakoroma.

Jumapili, 29 Juni
Nimeamka! Jua likatoka, na jina likatoka nalo, vivuli vimelalia upande wa pili. MOKAMI HOTELI. Nimemnyang'anya Lilian ufagio, nimemketisha barazani, nikamletea chai. Akacheka. Sikumbuki asubuhi nzuri kama hii. Nimeapa kuacha hila zote.

Kisha akaja Bushiri, fundi cherehani jirani yetu, yule mwenye kibanda kifupi cha bati. Amesikia kwa Waitara kwamba mimi ni mtu wa ushauri. Mtu wa ushauri! Jua la asubuhi linamchujulia vitambaa, afanyeje? Nimempa muda wangu wote. Nimemwonyesha hata pa kuchimba msingi: ukuta wa tofali, upande wa mawio, mrefu kadiri mfuko wake utakavyoruhusu. Kafurahi sana, anaanza kesho.

Lilian amegoma kunisemesha tangu hapo. Nadhani ni wivu.