Hema la Hababa

Jumatatu, 4 Agosti

Hababa, bibi yangu, ameondoka asubuhi kwenda Bombo kwa dada yake, na kabla ya kupanda gari akaniachia neno ambalo halijashuka mpaka sasa. Akirudi atachagua. Ufunguo wa stoo ya mahema utakuja kwangu au utakwenda kwa Huzaifa.

Bibi yangu amechoka, simlaumu. Hakuna harusi wala matanga hapa Old Kampala ambayo haikukaa chini ya hema lake. Sasa magoti yanamkataa. Anataka mjukuu mmoja mwenye akili.

Mmoja! Na Huzaifa, mtoto wa mjomba, anakunja hema utadhani kanzu ya Idi. Anafuta vigingi kwa kitambaa. Mtu mzima anafuta kigingi!

Mimi sifuti vigingi. Mimi nina mawazo.

Na mchana wazo likaja. Jirani yetu Oloo, Mkenya anayekodisha viti, alinionyesha picha kwenye simu. Shemeji yake yuko upande wa Kabale, kijiji cha kando ya ziwa, milima pande zote. Amelala hemani. Hema la safari, kitanda cha mbao, taa ya chemli, ukungu juu ya maji. Oloo anasema watu hulipia jambo hilo. Watu wenye nyumba zao! Nikamwuliza tena. Akaapa.

Mahema tunayo. Vilima Kampala imejaa. Ziwa la Kabaka liko pale chini ya Lubaga. Kimebaki nini? Hababa akirudi nimkabidhi biashara mpya, Huzaifa abaki na kitambaa chake.

Nina hofu, lakini hofu nzuri.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata wageni. Hofu si nzuri tena.

Anaitwa Vera Nanyama, Mkenya mwenzake Oloo, anafanya kazi ofisi ya bima. Yeye na rafiki zake walitaka kwenda huko huko kwenye ziwa la milimani, bosi akawanyima likizo. Nikamwambia ziwa la mlimani ninalo, tena bila kutoka mjini. Alinitazama sana. Akasema sawa, Jumamosi, lakini anataka kitanda cha kweli, moto wa kuota jioni kama wa kwenye picha, na wanyama.

Nikaahidi wanyama. Kwa nini niliahidi wanyama?

Jioni nikaenda Lubaga kwa Mzee Faustino, katekista mstaafu. Ana uwanja mteremkoni. Ukisimama juu ya jiwe, na jirani akiwa hakuanika shuka, unaliona ziwa vizuri kabisa. Nikamwomba nisimike hema siku mbili. Hakuuliza la nini. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema uwanja ni wangu, watu ni watu, na kuni atatoa yeye. Mbuzi atawahamisha.

Nikamwambia awaache mbuzi.

Mtu mwema sana. Ila mbona alinishika mkono muda mrefu vile?

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimefanya jambo. Naliandika upesi kabla sijajionea aibu.

Huzaifa alipokwenda swala ya adhuhuri (na mimi nilipaswa kwenda, Mungu anisamehe), niliingia stoo aliyoiacha wazi. Nikafunua hema la kwanza: mchuzi. La pili lilitafunwa na ng'ombe wa mahari kule Mengo. La tatu linanuka pilau ya mwaka juzi. Vera anataka hema la kifahari, nimlaze ndani ya pilau?

Halafu pembeni, limefungwa ndani ya shuka, nikaliona hema jeupe lenye mstari wa kijani.

Hilo halikodishwi. Ni hema la nyumba. Babu alipofariki, lilisimama hilo. Mama yangu alipofariki, lilisimama hilo. Siku nyingine zote linalala. Jeupe, safi, linanukia udi.

Nikachungulia mlangoni kama Huzaifa amerudi. Nikajisemesha: Abudu, hema ni kitambaa tu. Wanubi wenzetu wanaolijua wako Old Kampala na Bombo. Lubaga nani atalitambua?

Oloo alishika upande wa pili. Akauliza kama Hababa anajua. Nikasema Hababa anajua kila kitu. Ni kweli, ndivyo alivyo.

Shuka nimeijaza magunia nikaifunga tena. Ukisimama mbali huwezi kutofautisha. Huzaifa husimama karibu, hilo ndilo tatizo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mvua! Kidogo, lakini mvua. Nimekaa chini ya hema nikiomba dua zote ninazozijua, mpaka ile ya kuingia sokoni.

Hata hivyo, kazi imependeza. Vitanda vya ghorofa tumeazima bweni moja la wanafunzi, vya juu tumevikata. Oloo ameleta viti vyake vya plastiki na kuvivalisha vitambaa vya harusi, hakunisikiliza. Kwa upande wa wanyama: mbuzi wa Mzee Faustino, na kalooli, wale ndege wakubwa wa majalalani, nimewatupia utumbo wa kuku toka asubuhi. Wamesimama juu ya ukuta wanatutazama. Wanatisha vya kutosha kuitwa porini.

Mzee Faustino ameburuta gogo zima la moto. Nikamshukuru. Akatikisa kichwa, akasema jambo kama hili halina shukrani, leo kwako kesho kwangu.

Maneno gani hayo? Leo sitalala.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nimejificha nyuma ya vyungu.

Vera na wenzake walifika saa kumi. Walipanda juu ya jiwe wakaona ziwa. Walipiga picha kalooli. Vera akakiri kwamba hakutegemea, na mimi nikaanza kupumua. Jua likaelekea kuzama, nikawasha gogo.

Lo! Mtoto wa Kampala mzima mimi! Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa! Hema jeupe uwanjani, viti vya plastiki, gogo linawaka mbele ya nyumba. Ni nani katika mji huu asiyejua maana yake?

Walianza wamama wa jirani. Wamevaa gomesi, wamebeba mikeka, mmoja ana mkungu wa matoke kichwani. Wakanipigia magoti wakisema kitalo, kitalo nnyo, ile pole ya msibani. Wakatandika mikeka wakaketi. Vera akaniuliza kwa furaha kama huu ndio utamaduni. Nikasema ndio.

Ningekana hapo hapo mambo yangekwisha. Lakini ningesema nini? Kwamba nimewasha moto wa matanga ili watu wa bima wajistareheshe? Nikafungua mdomo, mama mmoja akanifuta jasho kwa kitambaa chake akidhani ni machozi. Nikaufunga.

Halafu akapita bodaboda mmoja wa stendi ya Old Kampala. Akapunguza mwendo. Akatazama mstari wa kijani. Akashika kichwa, akageuza pikipiki.

Nikajua nimekwisha.

Kabla ya isha uwanja ulijaa Wanubi. Wazee na tasbihi zao, kina mama na masufuria na kisira, chapati zetu nyembamba, zilizokunjwa chini ya kawa za tabaga. Hema la nyumba limesimama, basi nyumba ya Hababa Rahmah imefiwa, na Abudu ni huyu hapa, mzima. Wakauliza kwa sauti ya chini: Hababa yuko wapi? Nikasema yuko Bombo. Ni kweli! Yuko Bombo! Wakaelewa maiti iko huko, uwanja mzima ukalia.

Oloo naye akalia. Oloo, aliyelibeba hema na mimi! Nikamvuta pembeni nikamwuliza ana wazimu gani. Akasema akiona watu wanalia hawezi kujizuia, na isitoshe Hababa alimpa chakula mwaka mzima alipofika mji huu bila mtu. Akarudi kulia, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Mbaya zaidi, Huzaifa. Alikuja mbio na ndala moja, kanzu imejikunja. Sijawahi kuona kanzu yake imejikunja. Akapiga simu Bombo kuuliza maziko ni lini. Aliyepokea ni Hababa. Huzaifa akapiga ukelele, simu ikatumbukia kwenye sufuria ya maharagwe. Akawa anaapa kwamba amesikia sauti ya marehemu. Wazee wakamkumbatia wakamwambia huzuni hufanya hivyo, atulie, watasubiri neno kutoka kwa dada yake Hababa.

Vera na wenzake wanamenya matoke. Mmoja wao analia. Simjui hata jina.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika yote. Nikiacha sitaandika tena.

Hakuna aliyeondoka. Asubuhi wazee wakasema wakati tukisubiri, watu watoe ushuhuda. Akasimama huyu, akasimama yule. Hababa aliyetoa hema bure mtu alipozikwa na watu wachache. Hababa aliyekwenda polisi na mwiko mkononi kumtoa mtoto wa jirani. Oloo akasimama, akashindwa, akakaa.

Wakaniita mimi.

Nilisimama nikiwa na uongo mfupi tayari kichwani. Mtu mwema, Mungu amlaze, nikae. Lakini nilipoinua macho nikaona ule mshono wa darini, pale penye kiraka. Ninaujua. Mama yangu alipofariki nilikuwa mdogo, na nilikuwa natazama kiraka hicho hicho. Basi mdomo ukasema wenyewe. Nikasema siku ile Hababa alikaa chini ya hema hili, akanifunika ndani ya vazi lake la gurbaba tangu asubuhi ili nisiwaone watu wanaolia. Yeye mwenyewe alikuwa anamlilia binti yake. Nilikuwa nausikia mwili wake unatetemeka, lakini mkono wake mgongoni kwangu ulikuwa umetulia. Nikasema sijawahi kumshukuru. Nikasema nimekuwa nikitafuta ufunguo wa stoo wakati wote, na sijui kama nimewahi kumpa hata kikombe cha chai bila kuombwa.

Nikalia. Kulia kwa kweli, makamasi na yote. Nilisahau kabisa kwamba hajafa.

Nikakatiza nipanguse pua. Ndipo sauti ikatoka nyuma, kwa kina mama wa Bombo waliokuwa wamefika hivi punde, ikisema niendelee, nisikatie hapo.

Ilikuwa sauti ya Hababa.

Mshike mshike uliotokea siwezi kuueleza. Mbuzi walikata kamba. Kalooli waliruka wote kwa pamoja. Huzaifa alizimia, na hata kuzimia alizimia vizuri, mikono imenyooka. Hababa alifunua uso, akaomba kiti. Bombo walikuwa wamemletea habari za kifo chake pamoja na chai ya asubuhi, akakodi gari aje aone ni nani anazikwa kwa jina lake.

Hakunipiga. Laiti angenipiga! Alikula kisira cha matanga yake, akasema maharagwe yana chumvi nyingi, na akauliza simu ni ya nani. Kisha akawaomba watu radhi, mmoja mmoja, kwa niaba yangu. Nilisimama kando yake muda wote. Magoti yake yalikuwa yanamuuma, nilimwona.

Mwisho akanigeukia. Akasema hema lile halidanganyi. Likisimama, watu huacha sufuria jikoni na kuja, na siku watakayoacha kuliamini nani atakuja kwetu? Likisimama tena litakuwa lake, na siku hiyo nisihutubie, kwa sababu nimeshasema na amesikia.

Ufunguo amempa Huzaifa.

Hema nimelifua peke yangu mpaka magharibi. Nimelikunja. Huzaifa akalikunjua akalikunja upya.

Jumatano, 13 Agosti

Nimetubu. Namchemshia Hababa chai kila asubuhi bila kuombwa. Anaitazama, anainusa, anainywa. Mawazo yangu yamekwisha. Mimi ni mtu wa kupanga vigingi.

Ila leo Vera amepiga simu. Anasema haijawahi kutokea. Wenzake ofisini hawazungumzi jambo lingine. Walikuja kutafuta ziwa, wakajikuta wanamlilia bibi wasiyemjua, na wote watano wamewapigia mama zao simu. Anataka kurudi mwezi ujao, amlete mama yake kutoka Bungoma. Akauliza kama kutakuwa na kulia tena.

Nikamwambia nitamjulisha. Nikakata simu.

Kisha nikapeleka chai, na Hababa, akiwa hanitazami, akasema kwamba katika umri wake wote hajawahi kusikia maneno matamu kama ya Jumapili. Akasema ni hasara watu kuambiwa hayo wakiwa hawasikii tena.

Hasara! Amesema mwenyewe!

Fikiria: matanga ya walio hai. Bibi anakaa kwenye kiti chenye kitambaa cha harusi. Wajukuu wanasimama wanasema yote. Kina mama wa Lubaga wanalia, wanajua kulia. Ziwa kule chini, kalooli ukutani. Mzee Faustino nitamweleza taratibu. Oloo ameshakubali, ameanza kulia leo leo kwa majaribio.

Kimepungua kitu kimoja. Hema la pilau halitafaa, watu hawawezi kulia kwa dhati huku wanasikia njaa. Linatakiwa lile lile. Siku moja tu, lirudi kabla Hababa hajamaliza chai.

Huzaifa siku hizi analala na ufunguo shingoni. Namshukuru Mungu, Huzaifa ana usingizi mzito.