Meneja Kwenye Kiti cha Magurudumu

Jumatatu, 3 Machi
Barua imefika! Chama cha wasafiri wanaotumia viti vya magurudumu kinamtuma mtu Alhamisi, aje aikague hoteli yetu ya ziwani. Tukifaulu, watatuletea wageni mwaka mzima, wale wanaolala vyumba vya kifahari na kutaka msitu uanzie dirishani. Shangazi, mwenye hoteli, kanipigia kutoka mjini. Kasema waziwazi: tukifeli, umeneja nanyang'anywa, anapewa Binamu. Binamu! Mtu ambaye jana kashinda akipanua mlango wa bafu kwa patasi! Mimi nimetandika zulia. Jekundu, nene, korido nzima. Anasa ni anasa.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima kiti cha magurudumu zahanati, nijionee mwenyewe mambo yakoje. Raha! Mapokezi nimepita kama upepo. Kisha zulia. Magurudumu yamezama, mbele siendi, nyuma siendi, jasho linanitiririka. Mara mlango ukafunguka. Mama mmoja mwenye mvi, yuko kwenye kiti chake, futi kamba inaning'inia shingoni. Kajitambulisha: mpima ardhi mstaafu. Mkaguzi! Kaja siku mbili kabla, makusudi.

Akanitazama wee, akacheka. Akasema kumbe meneja mwenyewe ni mwenzao, basi hapa hatadanganywa. Nikafungua mdomo nimweleze ukweli. Ukajifunga wenyewe. Nani atamfelisha mwenzake? Nitakaa kwenye kiti hiki mpaka Ijumaa aondoke. Akauliza zulia hili kaliweka mjinga gani. Nikasema Binamu.

Jumatano, 5 Machi
Nimempa jina: Mama Futi. Anapima kila kitu. Vizingiti, sinki, kioo, nafasi ya kugeuzia kiti kati ya kitanda na kabati. Namfuata nyuma nikiuliza kama mtoto wa chekechea. Anahamiaje kitandani? Kanionyesha: mkono huku, mkono kule, huyo, kaketi. Kwa nini mwavuli wake una kibano? Wa kuubana kwenye kiti, mikono ibaki huru. Je, hachoki kuulizwa maswali? Anachoka. Nikauliza mengine sita. Kweli nilitaka kujua!

Binamu alinibana stoo. Eti nimwambie ukweli mama wa watu, tena niling'oe zulia. Nikamwambia ashughulike na patasi yake. Basi kaenda kupunguza matendegu ya kitanda, maana Mama Futi kasema kimezidi urefu.

Mezani yamenikuta makubwa. Mgeni wa chumba namba tatu kamwuliza Binamu, juu ya kichwa changu, eti huyu huwa anakula nini. Huyu! Mimi, meneja, nimekaa hapohapo, masikio yote mawili! Niliudhika! Mama Futi akasema kwake ni kila siku, mwaka wa ishirini sasa. Kisha nikaagiza supu ya pili, kwa kuwa ukiwa kwenye kiti hiki unaletewa ulipo.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya. Niandike haraka.

Shangazi karudi asubuhi. Kanikuta kwenye kiti, macho yakamtoka. Nikamkonyeza. Hakukonyeza.

Tukaenda msituni. Binamu katandaza njia ya mbao kutoka gatini hadi ndani kabisa, tambarare, ina kingo pembeni magurudumu yasichomoke. Nikamwambia Mama Futi wazo ni langu. Tukasimama mwisho wa njia, pasipo kingo, nusu gurudumu langu limetoka nje ya mbao, kumtazama ndege wa buluu. Yeye akaniuliza kwa upole nilipatwa na nini hata nikawa kwenye kiti. Nikatunga kisa, nikaanza na pikipiki. Nilipofika kwenye kiboko, siafu nao wakafika kwangu.

Walianzia kifundoni. Nikavumilia, nikaendelea na kiboko. Wakapanda gotini. Nikavumilia. Wakapita goti! Yallah! Niliruka, nikatimua mbio njia nzima nikipiga kelele, nikajitosa ziwani na viatu vyangu. Nilipoibuka, wote walikuwa wamejipanga gatini. Shangazi kashika kiuno. Mama Futi anacheka mpaka futi kamba inatikisika.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Futi alijua tangu Jumanne! Soli za viatu vyangu zilikuwa na tope bichi. Akasema hakutaka kunikatiza, naye alitaka kujua nitafika wapi.

Kisha akaacha kucheka. Akasema uongo wangu haukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba nimekaa kwenye kiti siku tatu, nimekwama kwenye zulia mara kumi na moja, amehesabu, na zulia bado liko pale. Niliona aibu. Aibu ya kweli, ile ya kutaka ardhi ipasuke.

Hoteli imefaulu. Kwa ajili ya mlango, kitanda na njia ya msituni, kaandika hivyo. Shangazi akamkabidhi Binamu funguo za ofisi mbele yangu. Mimi nimepangiwa kubeba mizigo. Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa begi la Mama Futi. Zito! Akaniaga vizuri tu, akaniambia nimeonyeshwa mengi wiki hii, nisiyapoteze. Nikaapa. Zulia kang'oa Binamu.

Jumapili, 9 Machi
Barua nyingine! Chama cha wasafiri viziwi nacho kimesikia habari zetu, kinamtuma mkaguzi Jumatano. Wacha wee! Umeneja wangu huo unarudi. Binamu kajifungia ofisini anajifunza lugha ya alama kwenye kitabu, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, maskini. Kazi yote hiyo ya nini?

Mimi nimeanza mazoezi ya kutosikia. Shangazi ananiita tangu asubuhi. Naendelea vizuri sana.