Upanga Mmoja, Mashemeji Wawili

Jumatatu, 4 Machi

Leo mambo yamewekwa wazi. Klabu yetu ya upanga wa kale wa Ulaya ina panga sita za chuma. Ni butu, naeleza kwa faida ya atakayesoma: makali yamesagwa, ncha imeviringishwa. Sisi wanafunzi wapya hutumia za plastiki. Za chuma tano zina wenyewe. Imebaki moja, na wanaoitaka ni wawili. Mimi na Meno.

Meno ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, daktari wa meno mstaafu. Alijiunga wiki mbili baada yangu, kwa wivu mtupu. Ana miaka sitini na tano na hujiita kijana. Mimi nina sitini na saba.

Mwalimu ametangaza kuwa Jumapili tutapambana, atutazame, kisha aamue. Atakayepewa upanga ataenda kwenye mashindano ya vilabu mwisho wa mwezi. Mwingine atakaa mezani kuandika alama mpaka upanga mwingine upatikane. Nikauliza utapatikana lini. Akasema hajui.

Kwa umri wangu, "mpaka upatikane" ni maneno mazito. Nimeandika daftari la mahudhurio miaka thelathini na minne. Sitaki daftari tena. Nataka upanga!

Mwalimu mwenyewe ni fundi umeme. Zamani nilimfundisha jiografia. Ananiita Mwalimu, namwita Mwalimu, mgeni hajui nani anamfunza nani. Nilimpa alama thelathini na nane katika usomaji wa ramani. Natumaini amesahau. Leo amezitaja mara mbili.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: elimu. Meno hasomi. Mimi nimesoma kitabu cha mabwana wa upanga wa kale, tafsiri nzuri, yenye michoro. Mikao ni minne, nitaeleza mitatu. Jembe: mpini kiunoni, ncha mbele, kama mtu anayelima. Paa: upanga juu ya bega, kama paa la nyumba. Mjinga: ncha chini, kifua wazi, adui adhani hujui kitu, ajilete mwenyewe. Huu wa Mjinga nimeupenda sana. Meno anasema nimezaliwa nao.

Nimefanya mazoezi sebuleni kwa ufagio. Mkao wa Paa unadai dari iliyo juu. Kitabu hakikutahadharisha. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kimeanguka nini. Nikasema hakuna kitu. Akauliza kama hicho "hakuna kitu" kilikuwa cha kioo.

Nikamwomba aseme Jumapili atamshangilia nani. Akajibu kwamba mmoja alizaliwa naye na mwingine amezeeka naye, kwa hiyo tusimtie katikati. Halafu akanikabidhi ufagio uleule. Safari hii kwa kufagia.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa pili: joto. Ukumbi wetu uko nyuma ya kiwanda cha magodoro, na makoti yetu ya kujikinga yameshonwa humohumo. Yote ni mazito, ila moja ni jepesi. Atakayelivaa hatachoka. Jambo la kisayansi kabisa. Nikafika saa nzima kabla ya wenzangu, nikalitwaa.

Sikujua kuwa ni jepesi kwa sababu ni dogo. Ni la mwenzetu mmoja, binti anayefanya kazi maktaba, mwembamba kama kalamu. Zipu iko mgongoni. Mikono iliingia, kichwa kikaingia, kisha kila kitu kikagoma. Nikabaki mikono juu kama mateka, robo saa nzima.

Wa kwanza kufika? Meno! Hakunisaidia mara moja. Alinizunguka mara mbili, akauliza mkao huu uko ukurasa gani. Kisha akanivuta mpaka nikatoka. Akasema amewahi kung'oa magego yenye adabu kuliko mimi.

Siku nzima nikavaa lile koti zito kuliko yote. Yeye akavaa la kawaida. Akanywa maji polepole, akinitazama.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Tena mpango huu hauna zipu.

Nieleze desturi yetu. Kwenye klabu, anayetangaza pigo si mpigaji. Ni aliyepigwa. Ukiguswa unainua mkono, pambano linasimama, msimamizi anahesabu. Vijana ni waaminifu kupita kiasi. Upepo ukigusa mkono wa koti, mkono juu!

Basi Jumapili mkono wangu hautainuka, ila wote wakiona. Koti ni nene, kiwiko ni kidogo, macho ya watu hayaenei kila mahali. Si uongo. Kunyamaza si kusema. Nimelipima suala hili kwa kina leo asubuhi nikinyoa, na sikuona kasoro.

Hatari ni moja: mkono wenyewe. Kila ninapoeleza jambo huinuka peke yake, kidole mbele. Ualimu ni ugonjwa usio na dawa. Wakati wa chakula nikaukalia huku nikieleza chanzo cha mito. Mke wangu akauliza kama kiti kina sisimizi.

Ijumaa, 8 Machi

Meno amepiga simu. Ananishauri nijitoe kwa heshima, eti magoti yangu anayasikia hata kwenye simu. Nikamwambia kelele hizo ni za kiti. Akasema basi kiti kimwone daktari. Nikakata simu. Nilikuwa nimesimama.

Jumapili, 10 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Pambano la miguso mitano. Msimamizi, binti wa maktaba. Mke wangu amekaa katikati kabisa ya benchi, hasogei kulia wala kushoto. Tukaanza. Meno akapata mbili upesi. Nikaingia mkao wa Mjinga, akajileta. Moja! Akajileta tena. Mbili! Kitabu hakidanganyi. Tatu kwa tatu. Nne kwa nne. Pumzi yangu ilikuwa inatafuta mlango wa kutokea. Bado mguso mmoja. Nikajiambia: upanga au daftari. Mkono chini, mzee, mkono chini.

Hapo Meno akashika mkao wa Jembe. Lakini vibaya! Miguu imekaa upande mmoja, kama anayesubiri lifti. Mtu mzima, miezi minane ya mazoezi! Nikavumilia. Nikavumilia tena. Sikuweza. Mkono ukainuka, kidole mbele, ili nimweleze.

Pambano likasimama. Binti akauliza kama nimeguswa. Nikajibu kwa kirefu kwamba sijaguswa, tatizo ni mguu wa kushoto. Lakini kinyago cha waya na sponji hula maneno. Walichosikia ni mngurumo. Wakapiga makofi.

Nne kwa tano. Nimeshindwa. Nikaliona daftari, kalamu, na uzee wangu wote uliobaki.

Mara Meno akavua kinyago. Akasema mbele ya watu kwamba hakuhisi upanga wake ukinifikia, kumbe shemeji yake ameona na akasema. Tena akasema, akitazama sakafu, kwamba nilimgusa begani mapema na yeye akanyamaza. Akaniomba radhi.

Mwalimu akasimama. Akasema chuma si plastiki. Kwa chuma, usalama wa mwenzako uko kwenye mkono wako unaoinuka. Upanga ni wa Mwalimu, akasema, na safari hii wote walijua ni mwalimu gani.

Ilikuwa nafasi ya kueleza ukweli. Mimi, ambaye nimewahi kumweleza mpita njia chanzo cha mvua bila kuulizwa! Kwa mara ya kwanza maishani nikaacha jambo bila maelezo. Meno akanikumbatia. Nikamkumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na upanga.

Una uzito mzuri. Mke wangu anasema sijatabasamu hivi tangu mjukuu wa kwanza. Mwalimu amempata mfua vyuma wa kutengeneza upanga wa saba, kwa hiyo Meno hataandika daftari muda mrefu. Nimefurahi. Kweli, nimefurahi kwa ajili yake pia.

Jumanne, 12 Machi

Nimetafakari siku mbili na nimepata funzo: uaminifu ni silaha, na wenzangu hawajaitumia ipasavyo. Tazama. Nikikiri mguso ambao haukunipata, mpinzani ataniamini, ataona haya, atalegea. Nikikiri wa pili, atanihurumia. Baada ya hapo nitanyamaza na kumpiga atakavyo Mungu.

Leo nimeujaribu kwa binti wa maktaba, kwa kanuni za mashindano. Nikainua mkono. Akashangaa, akanishukuru. Nikainua tena. Akaniita mfano wa kuigwa. Nikainua wa tatu ili kukaza nyuzi, naye akainama, akaondoka. Nimeshindwa kwa dakika moja bila upanga kunifikia. Meno, mezani, akauliza kama naumwa.

Mpango ni mzima. Kasoro ni ndogo: mapambano ya mashindano yana miguso mitatu tu. Kesho nitamweleza Mwalimu, kwa utulivu na kwa mifano, kwa nini inafaa iwe kumi.